Nilivyomzika Patroni Gasorwe

Jumamosi iliyopita nilipoteza heshima yangu pamoja na nafasi ya kuwa msimamizi wa ghala, yote mlimani Gasorwe.

Patroni wetu, mwenye duka la vitambaa Gitega, alitupeleka huko wafanyakazi wote tujifunze kushirikiana, na jioni angemchagua msimamizi wa ghala. Mimi nilichelewa. Nilipitia kwanza Muyinga mjini, kwenye kaburi la mke wangu, niliyemzika mwezi uliopita.

Nikawakuta wenzangu wanapanda mlima kimya, wanne wamebeba machela. Juu yake alilala patroni, uso umefunikwa kitambaa. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mchezo wa kumfundisha kiongozi kuwaamini watu wake, na kwamba anayeongea anashindwa. Zaituni wa kaunta alinikodolea macho tu, akaweka kidole mdomoni. Nikajua amekufa.

Nikavua viatu, nikaingiza bega chini ya machela. Kwetu Waislamu marehemu hutolewa ushahidi wa tabia yake, na mimi sijui kusema uongo hata mbele ya maiti.

"Patroni alikuwa mtu mwema," nikasema huku nalia. "Alinipa sanda ya mke wangu. Ila alikuwa mkali, na chai aliyotunywesha kazini saa nne haijawahi kuona sukari. Mi namsamehe. Mungu naye amsamehe."

Machela ikaanza kutetemeka. Wabebaji walikuwa wanabana vicheko. Kitambaa kikanyanyuka.

"We Hamisi," akasema patroni, "chai gani iko bila sukari?"

"Zote, patroni," nikajibu.