Konokono wa Katikati

Mwanangu, iko asubuhi moja ya mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, hapa Bukavu, ambayo haijanitoka akilini. Nchi ilikuwa ingali Zaïre, na mwalimu wetu wa biolojia tulimwita Citoyen Mugisho, yaani Raia, kama serikali ilivyotaka watu waitwe.

Alitupanga wawili wawili tuainishe konokono. Mwenzangu alikuwa Nabintu, binti aliyetoka Kalehe. Likizo nzima alipanda milima ya kwao katika mvua, akarudi na chupa kumi na moja za konokono ndani ya alkoli. Mimi nilibaki mjini nikichora jedwali: upande huu wenye gamba, upande ule wasio nalo. Nilijivunia sana mstari wangu wa katikati.

Chupa tatu zikanikatalia. Wanyama wake walikuwa na gamba dogo kama ukucha, mwili haungeweza kuingia humo. Niliwaweka huku, nikawahamishia kule. Nabintu alipotoka kunywa maji, nikawamwaga mtaroni.

Citoyen Mugisho alipokagua, akauliza, "Nabintu, bale ba katikati beko wapi? Njo bale nilikutuma ulete."

"Nilibaleta, Citoyen. Chupa tatu."

"Sasa balirudia Kalehe na miguu?"

Darasa likacheka. Nabintu akaniangalia, mimi nikaangalia dirisha. Akapewa sifuri, na wenzetu wakaanza kumwita mwongo.

Nilivumilia mpaka saa sita, kisha nikamfuata mwalimu nikakiri. Hakupaza sauti.

"Konokono haikuacha gamba siku moja," alisema. "Ilipunguka pole pole, vizazi na vizazi, mu jamaa mingi ya konokono, kila moja na njia yake. Bengine unaona bila kitu, ukipasua mugongo utakuta kipande ya gamba ndani. Bale batatu njo bangetuonyesha njia. Ukabatupa sababu ya mustari."

Sifuri ikahamia kwangu, mbele ya darasa zima. Nabintu akasema tu, "Pasaka utapanda mwenyewe, papa. Na viatu vyako vya dimanche, vya kanisa."

Nilipanda. Siku nne za matope, nikapata mmoja tu, nikamletea Nabintu. Akacheka, na tukasalimiana tena kama zamani.

Mwanangu, jambo likikataa kuingia katika mpango wako, usilitupe, badili mpango. Na kosa lako lisibebwe na mwingine hata saa moja. Mimi niliacha libebwe asubuhi nzima, na bado naona haya. Mungu akupe macho ya kukubali unachokiona, na ulimi mwepesi wa kusema, "Ni mimi."