Karanga Moja Ndani ya Mchanga wa Kupimia

Nimewahi kuwaonya vijana wa kanisa letu juu ya kiburi, ulevi na uvivu, lakini juu ya karanga sijafungua kinywa, na leo mtaelewa sababu, maana aibu iliyonipata barabarani karibu na Nathenje bado hunipandisha joto masikioni.

Miaka ile ya katikati ya tisini nilitoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, nikapata kazi, kwa majaribio kwanza, ya kupima ushindiliaji wa barabara (kazi niliyoisomea kwetu Uvira, jambo ambalo sikumruhusu mtu yeyote alisahau). Unachimba kishimo katika tabaka lililoshindiliwa, unapima uzito wa udongo uliotoka, kisha unakijaza kwa mchanga maalumu kutoka chupa yenye koki na faneli, ndipo ujue ukubwa wa kishimo na jinsi udongo ulivyobanana. Mchanga huo huoshwa, hukaushwa na kuchekechwa mpaka chembe zilingane, nami niliwakataza vibarua hata kuugusa. "Cha kazi ni cha kazi!" niliwaambia kila siku, nao wakanibandika jina la Mwalimu, wakaniacha nile peke yangu (nani apendaye nsima, ugali wa huku, yenye mahubiri?).

Jumamosi moja nililetewa habari kwamba Papa Byamungu na mkewe, majirani zangu wa Dzaleka, wangenitembelea kesho yake baada ya ibada. Sikuwa nimepata mgeni tangu nianze kazi. Nikanunua karanga, nikatafuta mchanga wa kuzikaangia, na mchanga safi, mkavu, ulikuwa ule mmoja tu. Mara hii tu, nikajiambia. Nikazilowesha kwa maji ya chumvi kama alivyofanya mama, nikazikaanga, nikafagia kibanda, nikapanga matofali matatu ya kukalia, nikangoja mpaka jua likazama. Hawakuja. Nikala nilizoweza, nikaziokota zilizobaki mchangani kwa kupapasa gizani, moyo mzito, nikaurudisha mchanga chupani.

Jumatatu akaja injinia kutoka Lilongwe, ambaye neno lake ndilo lingenipa kazi ya kudumu au kuninyima. Tulisimama kwenye kipande cha Bambo Phiri (bambo ni bwana kwa lugha ya huku), dereva wa rola ya kushindilia, nilichokuwa nimekikataa Ijumaa mbele ya wenzake. Nikaamuru rola izimwe, kwa kuwa mtikisiko huharibu kipimo. "Mtu asiinue hata mguu!" Nikafungua koki. Mchanga ukashuka kidogo, ukakoma. Nikagonga chupa (kosa nililowakemea wengine). Wapi! Nikainua faneli, ikadondoka karanga moja, imeiva vizuri sana.

Phiri akaiokota, akaitafuna. "Bambo, hii ina chumvi!"

"Aa, njo maana tulikatazwa kugusa," akasema kibarua mmoja Mrundi. "Mwalimu iko anapikia!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Injinia peke yake hakucheka.

"Ulimkaangia nani?"

"Wageni."

"Walikuja?"

Nikakitazama kishimo. Swali hilo liliniuma kuliko vicheko vyote.

Vipimo vyangu vyote vikatiliwa shaka, hata kile cha Ijumaa, kazi nikanyimwa, na jioni ile nikafunga mzigo. Dzaleka nilipokewa na Papa Byamungu mwenyewe, akapaza sauti: "Papa! Ile dimanche, ile Jumapili, tulikosa motokari. Tulishajipanga, hii dimanche njo tukufikie kule kwa barabara!"

Nikamshukuru.

Nimeapa: cha kazi sitakigusa tena, hata kwa ajili ya ukarimu, na karanga sitaziweka motoni kabla mgeni hajaketi. Bado hununua kila Jumapili, za kutosha watu watatu. Mara nyingi hulala mbichi.