Saa Iliyojifunza Kiswahili

Fundi wa hapa Columbus alipofungua mgongo wa saa ya mezani ya baba, ilitoka harufu ya shaba na mafuta ya zamani, nami nikawa mtoto tena sebuleni kwetu Louisville.

Baba aliinunua kwa jirani aliyekuwa akihama: marumaru nyeupe, na juu yake mwanamke wa shaba aliyepakwa dhahabu, na maandishi ya Kifaransa kwenye uso wa saa. Bibi, aliyezoea kusimama dirishani tangu adhuhuri akiogopa basi la shule limenipoteza, aliisikia ikipiga mara tatu.

“Bon, hii saa iko mwongo,” akamwambia baba. “Sasa ni saa tisa, yeye anapiga tatu?”

Baba alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasogeza mishale saa sita mbele. Tangu siku hiyo, kila niliposhuka kwenye basi, ilikuwa ikipiga tisa, na bibi yuko mlangoni na mandazi ya moto, anahesabu kwa sauti.

“Inatembea vizuri,” fundi alisema kwa Kiingereza, “ila imekosea kwa saa sita.” Akanyoosha kidole airekebishe.

Nikamshika mkono.

“Iache. Binti yangu anatoka shule saa tisa.”