Pampu ya Fatumah

Nilipoolewa na Hamuza kama mke wa pili, majirani wa mji wetu wa Koboko walikaa mkao wa kula wakingoja nigombane na Fatumah, mke mkubwa. Wanawake walikuja kuomba chumvi wasiyoihitaji, macho yakizunguka uani kutafuta sufuria iliyotupwa. Waliondoka na chumvi tu. Mimi nilikuja na hasira zangu zote, maana nimezaliwa nazo, lakini Fatumah hakunipa mahali pa kuzitua. Nikifoka, ananisubiri nimalize, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Chai iko moto, dada. Kuja kunywa." Ukimfokea mtu wa namna hiyo unajiona mwehu.

Basi hasira zile nilizitunza, na leo nazitoa.

Fatumah alizaliwa Arua, chini ya kilima chenye ofisi za serikali, kwa Wanubi ambao babu zao walikuja wamebeba bunduki za watu wengine wakabaki. Alijua kusuka vikapu vya rangi kama mama yake, akaolewa Koboko, akazaa wavulana wawili ambao sasa wanajitegemea. Lakini kazi ya maisha yake ni unga. Muhogo mkavu unatoka Lurujo juu ya baiskeli na pikipiki, unaingia kwenye mashine ya kusaga pale karibu na soko, na Fatumah ndiye anayeupokea ukitoka, anauchekecha, anaupima, anauuza. Zaidi ya miaka ishirini amesimama kwenye wingu lile. Jioni anarudi mweupe hadi kope, watoto wa mtaa wanamwita malaika, naye anacheka. Halafu anakohoa, na kikohozi kinageuka filimbi, na anakaa kwenye ngazi ya mlango ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tulikuwa tunampa chai ya tangawizi na kumsugua mgongo. Majirani walisema amerogwa, tena na mke mwenza. Mimi! Ningekuwa na uchawi ningeanza na wao.

Kisha watu wa utafiti wakaja: vijana wenye vitambulisho shingoni, na mkubwa wao Dokta Yakani, mtu wa shati lililopigwa pasi hadi unaogopa kumgusa. Walisema wana dawa ya pumu, ya kuvuta kwa pampu, wanataka waone kama itawafaa watu wa huku kama ilivyowafaa wa kwingine. Fatumah akapelekwa Arua, ofisini kwao kilimani, akapulizishwa kwenye bomba la mashine hadi akaona kizunguzungu. Wakamdondoshea matone mkononi na kumchoma juu yake kwa sindano ndogo, ili wajue mwili wake unachukia nini. Mawili yakavimba, la mende na la wadudu wa vumbi la godoro.

"Epuka mende," wakamwambia. "Epuka vumbi. Ikiwezekana, epuka na unga."

Nilimwuliza Hamuza kama anaijua nyumba isiyo na mende hapa Koboko, tuhamie. Na unga je? Walitaka ale nini, vitambulisho vyao?

Lakini dawa, jamani, dawa ilifanya kazi. Siwezi kuwanyima haki yao. Alivuta asubuhi, alivuta jioni, na akibanwa alivuta tena. Nyuma ya pampu kulikuwa na kidirisha chenye namba inayoshuka kila ukibonyeza, na namba hiyo waliisoma kila alipokwenda kliniki yao ya Koboko. Haukupita muda Fatumah akawa anapanda na ndoo ya maji kutoka kisimani bila kusimama njiani. Kwenye harusi ya binti wa jirani alicheza hadi wanawake wakamfungulia duara. Na siku moja, kwa kuwa niliunguza maharage, alinigombeza. Alinigombeza mfululizo, mwanzo hadi mwisho, akamtia na mama yangu ndani. Nilibaki na mwiko mkononi, nafurahi kama mjinga. Miaka yote ile nilidhani ni mpole. Kumbe alikuwa hana pumzi ya kugombana.

Sasa nieleze kosa lake, maana wanasema alikosa.

Binti yangu Kadijah ana kifua kilekile. Nimemzaa mimi, lakini ungedhani amemrithi Fatumah. Sheria ya utafiti ilisema watoto hawachukuliwi. Tena ilisema dawa ni ya mshiriki peke yake, asimpe mtu mwingine. Fatumah alisomewa hayo akayakubali. Lakini katika nyumba yetu hakuna kitu cha mtu peke yake. Tunakula sinia moja, na soda moja inapita midomo mitano. Mtu akijitenga na sahani yake tunamwuliza kama anaumwa.

Siku hiyo mimi nilikuwa Arua kununua vitenge. Mtoto alibanwa tangu asubuhi. Fatumah alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, akaambiwa dawa ya kifua imekwisha, akanunue nje. Duka la dawa la kwanza limefungwa, la pili hawana. Pale kwenye benchi la duka, midomo ya Kadijah ikaanza kuwa rangi ya jivu, na ngozi katikati ya mbavu inaingia ndani kila akivuta hewa. Pampu ilikuwa kwenye pochi. Niambie wewe unayesoma, ungefanya nini? Fatumah alimfungua mtoto mdomo akambonyezea, akangoja, akambonyezea tena. Niliporudi jioni Kadijah alikuwa amekaa mlangoni anatafuna muwa.

Baada ya hapo kila mtoto alipobanwa, Fatumah alitoa pampu. Nilijua, na nilishukuru, na sioni aibu hata leo.

Namba ndiyo iliyomsaliti. Muuguzi wa utafiti, Eyotaru, msichana wa watu kutoka Logiri, aliitazama pampu akakunja uso. Nilikuwepo, nimekaa kando.

"Mama, hii dawa nakwisha mbio sana," alisema. Kisha akaongeza polepole, "Pengine kifua nafunga wewe mara mingi hii mwezi?"

Alikuwa anamfungulia mlango. Hata mimi niliuona. Ilibaki Fatumah aseme ndiyo, aingie.

"Hapana," Fatumah akasema. "Mi napea mutoto. Mutoto iko nakufa. Mi taangalia tu?"

Eyotaru akaweka kalamu chini. Ikabidi amwite Dokta Yakani, naye akaja akasikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma. Huruma yenyewe ndiyo iliyonichemsha.

"Mama, hiyo dawa bado tunaichunguza," alisema. "Mtoto akidhurika nayo, nani atajibu?"

"Na akifa bila hiyo," nikauliza mimi, "nani atajibu?"

Alinitazama kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Akasema sheria hakuiandika yeye. Akasema kwa usalama wa wote, Fatumah hawezi kuendelea. Wakachukua pampu, wakamshukuru kwa mchango wake katika sayansi, wakampa mche wa sabuni. Fadhila ya punda ni mateke. Angesema uongo angebaki na dawa. Amesema kweli, kapewa sabuni! Njiani kurudi nilitukana hadi mwendesha pikipiki akaniomba nipunguze.  Fatumah alikuwa anaitunza pumzi aliyobaki nayo.

Dawa kama ile haikuwepo Koboko. Arua ilikuwepo, kwa bei ya mbuzi mzima, na sisi hatuna zizi. Wavulana wake walituma moja, ikaisha. Basi ngazi ya mlango ikampata tena mtu wake. Kwenye mashine alianza kufunga kitambaa puani, akawa anafanya kazi nusu siku, kisha siku za kupishana. Wateja wake wa unga wakahamia kwa wengine. Mimi na Hamuza tulimwambia apumzike, akatuuliza apumzike kwa pumzi ipi.

Mwaka uliofuata wale watu walirudi. Walisema wamekuja kuwarudishia wananchi matokeo. Ukumbi wa mji, kando ya soko, ulifagiliwa asubuhi ileile, vumbi likiwa bado linaelea, viti vya plastiki vikapangwa, maspika makubwa mawili yakaelekezwa hadi nje sokoni ili hata walioachwa na viti wasikie. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa, na juu yake pampu imesimamishwa.

Dokta Yakani akaeleza kwamba dawa imefaa, tena sana. Wagonjwa walilazwa mara chache, walilala vizuri, walifanya kazi zao. "Isipokuwa wachache," alisema, "ambao hawakufuata maagizo." Makofi yakapigwa. Akaitwa mtu mmoja wa kutoa shukrani, Constantino, mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Sudan Kusini, mrefu, koti zito juu ya jua lote lile. Yeye naye ana pumu, na alikaa kwenye utafiti hadi mwisho. Alisema asante maneno mawili matatu, akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

Walipouliza kama kuna swali, Fatumah akainuka. Nilimvuta nguo. Akautoa mkono wangu, akaenda mbele, akashika maikrofoni.

"Mi naitwa Fatumah," alisema. "Mi iko ile mutu hapana fuata maagizo." Watu wakacheka. "Dokta, wewe nasema dawa iko muzuri. Mi najua iko muzuri. Sasa mi nauliza..."

Hapo kifua kikafunga.

Maikrofoni ilikuwa mdomoni, na maspika yakachukua kila kitu. Ile filimbi niliyoijua mimi na ngazi ya mlango ikajaa ukumbi mzima. Ikatoka nje hadi kwa wauza nyanya, na nasikia wauza nyanya waliacha kuita wateja. Fundi wa maspika akanyoosha mkono kuzima.

"Ukizima nakuvunja huo mkono," nikamwambia, na akaona kwamba sitanii. Walikuja kutueleza habari za vifua. Nilitaka wasikie kimoja.

Lakini alikuwa anaishiwa. Nilikimbia mbele, nikamkalisha sakafuni, nikaruka hadi mezani, nikanyakua ile pampu, nikamtia mdomoni nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Eyotaru alikuja mbio akapiga magoti kando yangu.

"Mama Kadijah," alisema, anakaribia kulia, "hiyo iko ya kufundisha watu tu. Ndani hakuna kitu."

Nililitupa lile ganda, sijui lilimpata nani.

Ndipo Constantino aliposimama. Aliingiza mkono ndani ya lile koti, akatoa pampu nyingine kama ile, yenyewe kabisa, ambayo kila mshiriki alitakiwa airudishe utafiti ulipofungwa.

"Dokta, mi nalisema ya mwisho nalipotea," alisema mbele ya watu wote. "Hapana potea." Akainama akamwekea Fatumah mdomoni. "Mama, vuta. Vuta pole pole."

Fatumah akavuta. Akashikilia. Akavuta tena. Tulingoja wote, ukumbi na soko, hadi filimbi ikaanza kushuka na mabega yakatulia.

Dokta Yakani alikuwa ameshafika, ameinama juu yetu na shati lake. Alimpima mapigo ya moyo, nakiri, na alikuwa na jasho. Halafu akanyoosha kiganja.

"Bwana Constantino," alisema kwa adabu zote, "hiyo ni mali ya utafiti. Inatakiwa irudi."

Mimi nilikuwa nainuka, na wallahi sijui ningefanya nini. Fatumah alinitangulia. Aliichukua pampu mkononi mwa Constantino, akaisukuma ndani ya nguo, kifuani, akamtazama dokta usoni. Kwa maisha yangu yote na yeye sijamwona na macho yale.

"Kuja toa," akasema.

Ukumbi ulilipuka. Kiganja cha dokta kikarudi kilikotoka. Fatumah akadai maikrofoni, akapewa, na pale pale sakafuni akamaliza swali lake. "Dawa nafanya kazi. Sasa mi nauliza, iko wapi?"

Dokta akasema hilo ni swali zuri sana. Akasema watalifikisha kwa wakubwa. Kisha soda zikagawiwa.

Nje, kando ya barabara, Fatumah aliitoa pampu kifuani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akamrudishia Constantino. Yeye akaigeuza, akaangalia kidirisha. Ilikuwa imebaki mara tisa. Akamsukumia.

"Wewe iko na mutoto, mama."

"Na wewe iko na kifua. Chukua, baba."

"Hapana. Mi bado nguvu."

"Ya uongo. Mi nasikia wewe hapa nakohoa."

Wakabaki hivyo, watu wazima wawili, wagonjwa wote wawili, wanabembelezana juu ya pumzi tisa, kila mmoja anaukunja mkono wa mwenzake. Niligeuka kutafuta mtu wa kumpiga. Waliobaki pale ni sisi tu.