Mkono wa Menna uliofutwa ziwani

Saa kumi na moja alfajiri, Menna anaingiza mkono wa kulia chini ya ng'ombe ambaye si wake, anapangusa kiwele kwa kitambaa cha maji moto, na anatukana. Hamtukani ng'ombe. Ng'ombe amesimama kwa adabu zake. Anamtukana kijana mmoja aliyeko London, ambaye saa hizi bila shaka bado amelala.

"Kidole changu," anasema huku akipachika kikombe cha mashine kwenye chuchu ya kwanza. "Wamekinyoosha kidole changu bila kuniuliza. Daktari wa mifupa mwenyewe aliniuliza kwanza, nikamwambia kiache."

Kidole chenyewe ni kile kidogo cha mkono wa kulia. Kimepinda kuelekea nje tangu utotoni, siku ng'ombe wa baba yake alipompiga teke. Hapa Rhyd-hesg, chini ya milima ya Eryri kaskazini mwa Wales, hakuna asiyekijua. Na kwa miaka arobaini na minne watu wa dunia nzima wamekuwa wakikitazama bila kujua ni cha nani.

Mkono wa Menna ndio uliotoka ziwani katika ile filamu ya mfalme wa upanga, iliyopigwa hapa kwetu mwaka 1981. Aliyewahi kuiona hajasahau. Maji yametulia, ukungu umetanda, kisha mkono wa mwanamke unapanda taratibu ukiwa umeshika upanga, na mfalme kijana anapiga magoti ndani ya mashua. Menna alikuwa na miaka kumi na saba, na siku ile alikuwa amepeleka mayai kwa wapishi wa filamu.

"Kulikuwa na mwigizaji kutoka London," anasimulia. "Dada wa watu, simsemi vibaya. Alitia kidole cha mguu majini, na baridi ya mwezi wa tatu ule, akarudi kwenye gari lake akajifungia. Bosi wao akawa anazunguka ufukweni anapiga kelele, nani anaweza kuzama na kubana pumzi? Baba yangu, Mungu amrehemu, akanisukuma mgongoni. Akasema, 'Huyu hapa. Huyu ni fisi maji.'"

Alizama tangu asubuhi hadi mwanga ulipofifia. Mara wingu limepita, mara mashua imeyumba, mara nywele za bandia za mfalme zimepeperushwa na upepo, na kila mara Menna anarudi chini. Walimlipa pauni kumi na tano na kumfunika blanketi. "Blanketi walilichukua tena jioni," anasema. Wiki iliyofuata alilazwa kwa nimonia. Na filamu ilipotoka, jina lililoandikwa kwa nafasi ya mwanamke wa ziwani lilikuwa la yule aliyejifungia garini.

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda ana kisingizio. Yeye ni punda.

Jambo moja lazima lieleweke, maana bila hilo hasira ya Menna itaonekana ya kijinga. Kwetu jina la ukoo halimsaidii mtu. Kapelini, kanisa letu dogo, peke yake kuna akina Jones wa kujaza basi. Kwa hiyo mtu hupewa jina la kazi yake au la jambo lililomtokea. Ifan Makaa huuza makaa ya mawe. Beti Birika ndiye mwenye jiko la ukumbi wa kijiji, na hakuna diwani mwenye amri kumzidi. Menna naye, hadi mwaka ule, alikuwa Menna Jones tu, na hiyo ni sawa na kutokuwa na jina.

Baada ya filamu akawa Menna Mkono. Wazee walimwita hivyo, watoto wakafuata, na hata mchungaji alilitamka siku ya harusi ya Menna bila mtu kucheka. Mumewe, Gwilym, hupenda kusema kwamba yeye alioa mkono, sehemu nyingine akapewa nyongeza.

Wawili hao walikuwa na ng'ombe wao hadi miaka minane iliyopita. Kisha bei ya maziwa ikaanguka, chakula cha mifugo kikapanda, na wakafika mahali ambapo kila lita waliyouza iliwatia hasara. Ng'ombe wakapigwa mnada. Sasa Gwilym anaendesha basi la shule, na Menna, akiwa na miaka sitini na moja, anazunguka mashambani kukamua ng'ombe wa watu kwa pauni kumi na tatu kwa saa. Vifundo vya vidole vinamuuma kila asubuhi. Hilo hulisema haraka, halafu anabadilisha mazungumzo.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alipigiwa simu na Giles Farrant, kijana wa kampuni inayomiliki filamu ile. Alikuwa na habari njema. Filamu imesafishwa upya na itarudi kwenye majumba makubwa ya sinema. Kabla ya hapo ingeonyeshwa Rhyd-hesg, kwa heshima ya kijiji. Na mwishowe, kwenye orodha ya majina, Menna ataandikwa.

Binti yake Lowri, mwalimu wa shule ya msingi, alilia kwenye simu. Menna alinunua gauni la bluu. Bonde zima lilifurahi, na mimi nikiwemo. Hakuna aliyejua kwamba tunavikwa kilemba cha ukoka.

Jumamosi ya maonyesho ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Beti alikuwa amekata mikate ya zabibu tangu mchana, na birika lake kubwa lilikuwa linanguruma nyuma ya dirisha la jiko. Menna aliketishwa mstari wa mbele, kando ya Giles, ambaye alikuwa amevaa viatu vipya vya mlimani visivyowahi kuuona mlima. Taa zikazimwa.

Filamu ilipendeza, sitakataa. Rangi zilikuwa kali kama za jana. Tukamwona mfalme kijana, tukaona mashua, tukaliona ziwa letu. Watu wakaanza kugusana viwiko, maana sote tulijua kinachokuja.

Mkono ukatoka majini. Ulikuwa mrefu, mweupe, laini kama mshumaa. Haukuwa na wekundu wa baridi wala kinyweleo kilichosimama. Kidole kidogo kilikuwa kimenyooka sambamba na wenzake.

Kisha kutoka nyuma Ifan Makaa akaita, "Wee Menna! Kidole kimepona lini?"

Watu wakacheka. Wakaendelea kucheka mpaka waliposhtuka kwamba Menna hacheki. Alikuwa amesimama, kivuli chake kimeangukia kwenye picha, na amejishika mkono wa kulia kwa wa kushoto.

"Zima," alisema.

"Bibi Jones," Giles alinong'ona, "tuache iishe kwanza, halafu tutaongea vizuri."

"Nimesema zima."

Giles hakuzima. Ndipo dirisha la jiko likafunguliwa kwa kishindo, taa zote zikawaka, na Beti Birika akatoa kichwa na kutangaza, "Chai!"

Mgeni hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Kwetu chai ikishaitwa ukumbini, imeitwa. Nimeona mkutano wa wabunge ukikatwa katikati ya hoja. Nimeona mhubiri akifupisha sala. Viti vilikwaruza sakafu, watu wakapanga foleni, na yule mfalme akabaki anajisemea peke yake ukutani hadi mtu mmoja alipomhurumia akachomoa waya.

Giles alipewa kikombe kama wengine. Menna alimfuata hadi pembeni ya meza ya mikate, na sisi tukasogea, maana hakuna aliyetaka kukosa neno.

"Umeufanya nini mkono wangu?"

"Tumeusafisha tu, Bibi Jones. Kama tulivyosafisha kila kitu."

"Umeusafisha? Kwani ulikuwa mchafu?"

"Hapana, hapana! Ni kwamba skrini za siku hizi ni kubwa, zinaonyesha kila kitu. Tuliwaonyesha watu kadhaa London kwa majaribio. Wengi wakauliza kwa nini mwanamke wa ziwani ana mkono wa mkulima."

"Walitaka awe na mkono wa nani?" Menna alimsogelea hatua moja. "Anaishi kwenye maji ya barafu. Kazi yake ni kushika chuma. Nenda wewe kashike upanga ule chini ya maji tangu asubuhi, halafu uje unionyeshe vidole vyako!"

"Ile ni ndoto, Bibi Jones. Watu wanataka uzuri."

"Kula mkate, kijana," Beti akamwambia kutoka jikoni. "Ukitafuna, maneno yatapungua."

Ifan Makaa hakuwa anatania tena. "Mfalme ni wa hadithi zetu za Wales, mkamchukua mkamfundisha Kiingereza," alisema. "Tukanyamaza. Ziwa mkalipiga picha, watalii wanakuja wanatuachia chupa za plastiki. Tukanyamaza. Sasa mmefika kwenye mwili wa mtu. Mkimaliza mkono mtataka nini, ini?"

Hakuna aliyecheka. Giles aliondoka kabla ya kikombe cha pili.

Waswahili husema akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna mtu London aliyesema kwamba watu kama Menna hawatakiwi. Walimlainisha tu. Wanayapenda maziwa ya bonde hili, wanaupenda ukungu wake na mfalme wake, lakini mkono unaokamua wanauona doa la kufutwa. Nimeandika habari za mashamba kwa miaka mingi, nimeona mengi ya kukasirisha, na sijui kwa nini hili la kidole kimoja limenikaa kooni kuliko yote.

Lakini ahadi ya jina ilibaki. Giles alipiga simu Jumatatu kueleza kwamba Menna bado anaweza kuandikwa, ila akubali kabla ya Ijumaa, maana nakala zinafungwa. Jioni hiyo Lowri alikuja nyumbani kwa wazazi wake, nami nikiwa mgeni wao, na supu ya kondoo ikapoa mezani.

"Mama, kubali," alisema. "Mkono umeshaenda, hatuwezi kuurudisha. Angalau libaki jina. Umelisubiri maisha yako yote!"

"Jina lipi?"

"Lako! Menna Jones!"

"Menna Jones yupi? Wa duka la dawa? Au yule anayepiga kinanda kapelini? Wataliona jina, watampongeza wa duka la dawa. Naye alivyo, atapokea."

Lowri alicheka huku machozi yanamtoka. "Basi tuwaambie waandike Menna Mkono."

"Kwa mkono ule? Jina langu likae pale kushuhudia kwamba ule ni wangu? Niwe shahidi wa uongo uzeeni?"

"Wajukuu wako wataona nini sasa? Hutakuwa na jina, hutakuwa na mkono. Utakuwa hukuwahi kuwepo, Mama."

Hilo lilimchoma Menna. Alikaa akiutazama mkono wake juu ya kitambaa cha meza, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona mzee. Gwilym, aliyekuwa anasoma gazeti la minada, alisema bila kuinua kichwa kwamba ule mkono wa Jumamosi yeye hajawahi kuushika.

Simu ya mwisho ilikuja Alhamisi, Menna akiwa katikati ya ng'ombe. Aliiweka juu ya ukuta wa banda, sauti ikiwa imefunguliwa, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Giles alikuwa mpole. Alisema amejaribu. Alisema mabosi wake wanamheshimu sana Menna. Kuurudisha mkono wa zamani kungegharimu fedha nyingi, na hakuna aliyeomba isipokuwa yeye.

"Basi jina langu usiliandike," Menna alisema.

"Tafadhali fikiria tena, Bibi Jones. Bila jina, hakuna atakayejua kwamba ulikuwa wewe."

"Nani hatajua? Mimi sikai huko kwenu."

Alikata simu kwa kiwiko. Ng'ombe aliyekuwa mbele yake aligeuza shingo kumtazama, akaambiwa atulie, akatulia.

Mipango ipo. Kamati ya ukumbi, na hapa kamati maana yake ni Beti, imeamua kwamba kila mwezi wa tatu wataonyesha filamu ya zamani kutoka kwenye kanda iliyohifadhiwa shuleni, yenye mikwaruzo yake yote. Kiingilio kitakuwa keki au mkate. Lowri amefuta machozi na kuanza kukusanya sahihi za kuitaka kampuni irudishe picha ile kama ilivyokuwa. Wiki iliyopita alikuwa amefika kijiji cha tatu, na anasema watu wanatia sahihi wakiwa wamekasirika kuliko yeye.

Menna anasema atasubiri. Ana matumaini, ingawa anayasema kwa meno yaliyokazwa. Anataka siku moja akae tena mstari wa mbele, auone mkono wake ukipanda ukiwa mwekundu kwa baridi, kidole kimepinda vilevile.

Nilimuuliza kama siku hiyo ikifika atawaruhusu waandike jina.

Alifungua lango, ng'ombe wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda malishoni, naye akawa anawapiga makofi mgongoni wanapopita.

"Mimi naitwa Menna Mkono," alisema. "Warudishe mkono. Jina litakuja lenyewe."