Fagio na Nafasi Tupu

Mtaani walimwita Fagio, si kwa usafi wa chumba chake, maana soksi zake zililala juu ya jiko, bali kwa kazi yake: alitengeneza tovuti, na kutwa alikuwa akifagia nafasi tupu ambazo watu huziacha wanapoandika.

Hospitali ya macho iliyompa kazi ilikuwa na karani wa mapokezi aliyejifunzia uchapaji kwenye taipureta, na kila akimaliza jina alibonyeza kitufe cha nafasi. "Jina nalo lipumue," alisema. Basi mgonjwa aliyejiandikisha kwa simu akifika mapokezi na karani akiliandika jina lake tena, kompyuta, kwa ujinga wake, iliona jina lenye pumzi na lisilo na pumzi ni watu wawili. Shangazi yake Fagio, aliyemlea tangu akinyonya kidole, alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani mara mbili bila kupasuliwa jicho. Mashine ilishikilia kwamba hayupo.

"Nipo," Shangazi aliiambia. "Nimekaa hapa."

Fagio alipandwa na hasira. Badala ya kuiamuru ikate nafasi za mwanzoni na mwishoni tu, aliiamuru ifute kila nafasi iliyoiona. Asubuhi, kipaza sauti cha ukumbini, kilichosoma majina kutoka kompyuta hiyo, kikaanza kuita wagonjwa: jina la mtu, la babake na la babu yake, yote kwa mkupuo mmoja, kama gunia la mahindi limepasuka. Wagonjwa wakatazamana. Hakuna aliyeinuka. Na asiyeitika hupoteza zamu yake.

"Shangazi, hilo lako! Inuka!"

"Langu? Baba yangu umemfinyia wapi humo? Hata mume wangu niliachana naye kwa kunibana hivi hivi."

"Shangazi, tafadhali, jicho!"

"Siitiki."

Fagio akaketi sakafuni pale pale, akafungua kompyuta magotini, akarekebisha mstari ule mmoja wa amri. Kipaza sauti kikakohoa, kikaita upya, polepole, kila jina mahali pake. Shangazi akatengeneza mtandio, akaitika "Naam!" kwa sauti ya mtu aliyealikwa harusini, akaingia.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, alimtazama Fagio kwa muda mrefu. Mara ya mwisho kumwona vizuri, Fagio alikuwa bado kijana.

"Una mvi," akasema. "Na hukuniambia."

Fagio alilia mbele ya manesi wote, wala hakujali.