Chai ya Posa Iliyokatika

Aibu hii naisema mwenyewe, kabla majirani hawajaitia chumvi.

Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Dakawa kumposa mjukuu wangu Mwanaidi, niliyemsomesha chuo cha mifugo kwa maziwa ya huyu huyu ng'ombe wangu Tunu, nami nikaapa chai yao itakuwa ya maziwa matupu, tone la maji lisiguse, maana huku Mgeta nani asiyemjua Tunu. Asubuhi Mwanaidi akaniletea kikombe chake cheusi.

"Bibi, ya mwanzo kamulia humu, kila chuchu, uone kama yana mabonge."

"Nimeanza kukamua mama yako hajaota meno, leo ndo unifundishe?"

(Ukweli, nilishavaa kitenge kipya, nikaona mambo ya kikombe na maji moto ya kuoshea kiwele yatanichafua.) Nikakamua chapuchapu, yote ndoo moja.

Wageni wakaketi, nikabandika sufuria mbele yao waone povu, huku namsifu Tunu mpaka ukoo wake. Maziwa yakachemka, yakakatika. Mabonge huku, maji ya njano kule. Wakatazama sufuria, wakatazama barua ya posa, bado wameishika wao, nami moyoni nasema, Mwanaidi nimekuharibia.

Mama wa kijana, naye mfugaji, akasimama. "Bibi, nipeleke bandani."

Mwanaidi akampa kikombe, naye akajaribu kila chuchu. Chuchu ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto, ikatoa mabonge kama mtindi.

"Anaumwa kiwele huyu. Hukupima?"

"Mjukuu wangu aliniambia," nikajibu, na pindo la kitenge limeshaingia kwenye mavi. "Nilikataa mimi."

Akamgeukia Mwanaidi. "Sasa mwanangu utafanyaje?"

"Nitamwita mtaalamu wa mifugo leo hii. Chuchu hii nitaikamua mwisho, maziwa yake nayamwaga mbali, na nanawa. Akichomwa sindano, hatunywi maziwa yake mpaka siku atakazosema mtaalamu ziishe."

Yule mama akacheka, akamwita mumewe. "Toa barua, baba. Chai ya rangi inatutosha."

Nilirudi ndani na mavi yangu kwenye kitenge, kichwa juu kama nimeposwa mimi.

Tunu amepona. Kikombe kinaning'inia mlangoni mwa banda, na sikamui bila hicho hata aje nani. Mwanaidi anataka kuondoka nacho akiolewa. Nimemwambia, mumewe akamnunulie chake.